Kudumu kwa Mchezo: Tetris, Bao na Kisolo cha Katanga

Utangulizi

Wataalamu wa lugha hawana desturi ya kuuhesabu mchezo kuwa sehemu ya taaluma yao, isipokuwa pale unapoandamana na nyimbo au vitendawili. Hata hivyo, kila mchezo uliodumu una historia ya jinsi ulivyopokezanwa baina ya watu, na katika kupokezana huko lugha ama hushiriki ama huachwa nje. Makala haya yanalinganisha mchezo wa Tetris, uliobuniwa Moscow mwaka 1984, na kisolo, mchezo wa mashimo na mbegu unaojulikana Katanga na ambao ni ndugu wa bao la Waswahili. Hoja yetu ni kwamba Tetris umedumu kwa sababu haukuhitaji maneno, ilhali bao na kisolo hudumu kwa maneno. Tofauti hiyo si ndogo kwa anayejali hatima ya michezo ya jadi.

Chimbuko la Tetris

Alexey Pajitnov alikuwa mtaalamu katika Kituo cha Kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Kisovieti. Kompyuta aliyoitumia, Elektronika 60, haikuweza kuchora picha; kwa hiyo vipande vya mchezo viliundwa kwa alama za mabano. Kila kipande kina miraba minne iliyoshikana, na miraba hiyo inaweza kupangwa kwa namna saba tu. Vipande hushuka kimoja kimoja. Mchezaji huvigeuza na kuvipanga, na safu iliyojaa hutoweka. Kanuni zote ni hizo.

Vadim Gerasimov, aliyekuwa bado mwanafunzi wa sekondari, alisaidia kuuhamishia mchezo huo kwenye kompyuta za IBM. Mwaka 1989 kampuni ya Nintendo iliuuza pamoja na kifaa cha mkononi cha Game Boy, na nakala zipatazo milioni 35 zikaenea duniani. Pajitnov mwenyewe hakuanza kupata fungu lake la mapato hadi mwaka 1996. Dola iliyomwajiri ilisambaratika mwaka 1991, na mashine za awali zimekuwa vitu vya makumbusho, lakini mchezo ungali unachezwa.

Raha Isiyosemeka

Ni nini kinachomrudisha mchezaji? Sababu ya kwanza ni kwamba mchezo huu, katika umbo lake la asili, hauna ushindi wa mwisho. Mwaka 1997 mwanahisabati Heidi Burgiel alithibitisha kwamba kuna mfuatano wa vipande ambao hakuna stadi awezaye kuuhimili; basi anayecheza bila kukoma hatimaye atashindwa. Safu iliyokamilika haibaki kuonekana, bali kosa ndilo linalobaki mbele ya macho na kudai kurekebishwa.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha uchunguzi wa watu 27 waliocheza Tetris kwa siku kadhaa. Wengi wao, walipokuwa wakianza kusinzia, waliona vipande vikishuka. Miongoni mwao walikuwamo watu watano waliopotewa na uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya. Hawa hawakukumbuka kwamba waliwahi kuucheza mchezo huo. Hata hivyo watatu kati yao waliviona vipande vile vile. Ni dhahiri kwamba mchezo ulikuwa umepata makao mahali ambapo masimulizi hayafiki. Mtu anaweza kuwa nao bila ya kuweza kuueleza.

Kwa sababu hiyo Tetris ulivuka mipaka ya lugha bila mkalimani. Lakini umasikini wake wa maneno nao unaonekana: vipande vyake saba havina majina ila herufi za Kirumi vinazofanana nazo.

Bao na Kisolo

Hali ya bao ni kinyume kabisa. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne, na kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Mwanafunzi hawezi kwenda mbali bila kujifunza istilahi: namua, hatua ya kuingiza kete za mkononi, mtaji, hatua inayofuata, nyumba, kichwa na kimbi, yaliyo majina ya mashimo, kutakata, yaani kucheza bila kula, na kulala, yaani kuishia katika shimo tupu. Alexander de Voogt, aliyechunguza umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar na kuchapisha matokeo yake mwaka 1995, alitegemea wachezaji walioweza kuueleza ufundi wao. Bao hufundishwa barazani, mbele ya watazamaji wasioweza kunyamaza.

Kisolo ni cha ukoo huo. Waluba hukiita kwa jina hilo, na Wanyarwanda huuita mchezo wao igisoro. Mshabaha wa majina hayo unadokeza uhusiano wa kale. Huko Kasai, sanamu ya Shyaam, mfalme wa Wakuba wa karne ya 17, iliyohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London tangu mwaka 1909, imechongwa ikiwa na ubao wa mchezo wa aina hii mbele yake. Mapokeo ya Wakuba yanamtaja mfalme huyo kuwa ndiye aliyeuleta kwa watu wake.

Koni na Likasi

Koni, penye maporomoko ya mto Lufira karibu na Likasi, panatupa kipimo kizuri cha hoja yetu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilijenga kituo cha umeme wa maji cha Mwadingusha mwaka 1930, na mwaka 1950 kile cha Koni, upande wa chini wa mto huo huo. Umeme wake ulikusudiwa kwanza mitambo ya shaba. Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulijengwa na wafanyakazi waliotoka Kasai, Rwanda, Burundi na nchi ambayo leo ni Zambia. Na Kiswahili kikawa lugha ya kambi zao, kama alivyoonyesha Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986.

Mtu angeweza kudhani kwamba penye umeme mchezo wa mashine utaushinda ule wa mashimo. Lakini umeme sio msingi wa uhai wa michezo hii. Tetris umezipita mashine zake kwa umri, kwa kuwa kanuni yake huhamishika. Kisolo hakihitaji ila ardhi na mbegu, bali kinamhitaji mtu wa kusema shimo hili laitwaje na hila ile yafanywaje. Jambo linaloweza kukiua ni ukimya wa wazee mbele ya vijana.

Hitimisho

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, istilahi za kisolo zikusanywe katika Kiswahili cha Katanga na katika Kiluba, huku wanaozijua wangali hai, na zilinganishwe na zile za bao. Pili, anayetaka kuusimulia mchezo wa Tetris kwa Kiswahili asikimbilie kukopa. Bao limekwisha kumwandalia maneno: kipande ni kete, na kikitua kimelala. Tetris utaendelea kuishi hata usipopewa majina hayo, bali kisolo hakiwezi kuishi bila ya yake.