Manunuzi ya Kiangazi Katikati ya Goma

Jiwe jeusi unalolikanyaga ni lava ya volkano ya Nyiragongo. Tarehe 17 Januari 2002 ilikatiza mji hadi Ziwa Kivu na kufukia sehemu kubwa ya mtaa wa biashara.

Maduka ya wageni, yaliyoanza enzi za Wabelgiji, yalikuwa yameyumba zamani. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, alitangaza kwamba biashara za wageni zipewe Wazaire. Baadhi ya waliopewa hawakuwahi kuuza hata kiberiti, na rafu zikabaki tupu.

Hata hivyo, msimu wa manunuzi haukufa. Julai na Agosti, kabla shule hazijafunguliwa Septemba, wazazi husaka sare: shati jeupe, suruali au sketi ya bluu. Huenda soko la Virunga au Birere, mtaa unaopakana na Gisenyi, Rwanda. Muuzaji hodari hupindua upindo wa suruali kuonyesha kitambaa cha kushushwa mwakani. Bei kwa dola, chenji kwa faranga.

Magunia ya bidhaa hubebwa kwa chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na pedeli na kigumu kusimamisha kikishashika mteremko. Tafadhali soma bango hili ukiwa kando ya barabara.