Enzi za tovuti za mkono, na Arusha ilivyosikika duniani

Huku Usa River mvua imetulia, Meru inaonekana mpaka kileleni, na bumu bado halijaingia. Kwa hiyo muda ninao. Leo ni historia tena, ila siyo Berlin 1884, msiogope. Nataka tuongelee enzi za mwanzo za intaneti, zile za mtu kujitengenezea tovuti yake kwa mkono.

Najua mtasema, we umezaliwa juzi, hamu ya enzi hizo umeitoa wapi? Sawa, nimezikuta zimeisha. Lakini hata Kirilo Japhet, aliyepeleka kesi ya ardhi ya Wameru Umoja wa Mataifa mwaka 1952, sikumwona, na bado nitamfundisha.

Twende kazi. Mwaka 1996 vijana wa hapa Arusha walianzisha kundi la X Plastaz. Mwaka uliofuata, 1997, Mholanzi mmoja mpenda Kiswahili, Thomas Gesthuizen, anayejulikana kama Juma4, alifungua tovuti ya hip hop ya Afrika akaiita Rumba-Kali. Baadaye ikawa Africanhiphop.com. Haikuwa kampuni wala redio, ilikuwa kazi ya mtu na kompyuta yake. Juma4 akaja kufanya kazi na X Plastaz wenyewe, na mwaka 2004 albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatolewa Ujerumani. Sauti ya Yamat Ole Meipuko, Mmasai na rubega yake, ikafika Ulaya. Faza Nelly alifariki 2006, lakini jina lake bado linatafutwa na kupatikana.

Sasa tovuti ya namna hiyo ilitengenezwaje? Unaandika maneno na alama za HTML mstari kwa mstari, unahifadhi, unapandisha. Ukitaka rangi nyekundu, unaiandika. Ukipenda tovuti ya mwenzako, unaweka kiungo chake kwa mkono, ndiyo maana kila kiungo kilikuwa kama salamu. Na ilibidi iwe nyepesi, kwa sababu intaneti yetu kwenda nje ilitegemea sana setilaiti zilizo juu kama kilomita 36,000. Picha moja ilishuka kidogo kidogo huku hela yako ya kafe inakwisha.

Tusidanganyane lakini, haikuwa pepo. Waliofika huko walikuwa wachache, na habari za vijana wa Arusha zilitunzwa Uholanzi kwa sababu huko ndiko kompyuta zilikokuwa. Mimi sioni hamu ya ule ukonokono. Ninachotamani ni kitu kimoja: kila ukurasa ulikuwa na mwenyewe, aliyeupanga anavyotaka na kuamua ubaki au uondoke.

Hata enzi hizo kulikuwa na wapangaji. GeoCities ya Marekani iligawa viwanja vya bure mtandaoni, watu wakajenga kurasa zao. Yahoo ikainunua 1999, na tarehe 26 Oktoba 2009 ikafunga ile ya Marekani. Mkongo wa SEACOM ulikuwa umezinduliwa Dar tarehe 23 Julai mwaka huo huo. Yaani sisi tunapata barabara ya lami, miezi mitatu baadaye mtaa unabomolewa! Bahati nzuri watu wa kujitolea wa Archive Team waliwahi kunakili sehemu kubwa.

Na sisi je? Mashairi yetu, picha za mahafali, hip hop ya Sakina na Kijenge, vyote tunaviweka kwenye vyumba vya kupanga, na status inafutika baada ya saa 24. Mwenye nyumba akibadili kufuli tutamfuata wapi? Darasani tumefundishwa kwamba bila chanzo hakuna historia. Mwanafunzi wangu wa 2045 akiuliza vijana wa Arusha wa 2020 na kitu waliimba nini, nitamwonyesha nini?

HTML ya kuanzia mtu anajifunza kwa siku mbili tatu. Tafuteni ukurasa wenu, hata mmoja, na nakala iwe kwenye flash yako mwenyewe. Mimi naanza na wasanii wa mtaani kwetu kabla ya BTP.

Haya, andalio la somo linanisubiri. Kazi kwenu!