Biashara ya mto Tana: je, tamasha laweza kuirudisha?

Nikifungulia bomba alfajiri nitawadhe hapa Loresho, maji yanayonitoka mikononi ni ya mto Tana. Majirani zangu wengi hawalijui hilo. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika 1994 na ambalo linainywesha sehemu kubwa ya Nairobi, limejengwa kwenye mto Thika, na mto Thika huingia Tana. La kuchekesha ni kwamba tukishayatumia, maji hayo hayarudi kwao. Hushuka na mto Nairobi hadi Athi, yakatokea baharini Sabaki, karibu na Malindi. Ya Kipini tumeyapeleka Malindi bila kumuuliza mtu.

Nalitaja hili kwa sababu kila mara watu wa kwetu wanapozungumza juu ya kufanya tamasha la utamaduni mtoni, ili biashara ya mitumbwi ifufuke, husahau kuuliza kama mto wenyewe bado ni ule ule.

Marehemu babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa mashua zilizopakia Kipini na kushusha Lamu. Biashara yenyewe ilikwenda hivi. Wapokomo walilima mpunga, ndizi na maembe kwenye kingo ambazo mto huzifunika kwa mafuriko na kuziachia tope lenye rutuba. Mavuno yalishuka kwa mtumbwi wa gogo moja, mtu akisukuma kwa upondo penye kina kifupi na kupiga kafi penye kina kirefu. Waorma walileta ng'ombe, samli na ngozi. Waswahili wa Kau, Kipini na Lamu walileta nguo, chumvi na vyombo, na zamani pembe za ndovu zilipita njia hiyo hiyo. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake hana, basi ilibidi waelewane.

Njia hiyo ilithaminiwa kiasi kwamba katika karne ya 19, enzi za Sultani Ahmed Simba wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, ili mitumbwi ifike Kau na Kipini bila kutoka bahari kuu. Ulichimbwa kwa mikono. Mwishowe mto ukaupenda mfereji kuliko njia yake ya asili, na leo Tana humwaga maji yake Kipini. Wazungu nao walipofika walijaribu bahati yao: mwanzoni mwa miaka ya 1890 kampuni ya Kiingereza ya IBEA ilipandisha mtoni meli ndogo ya mvuke iitwayo Kenia. Haikudumu. Mtumbwi ulidumu.

Kilichouua ni lori, kisha lami. Shehena iliyochukua siku kadhaa kushuka sasa hufika Malindi kwa saa chache. Siilaumu barabara, mimi mwenyewe naipanda nikienda nyumbani.

Lakini kuna jambo la pili. Kati ya 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme juu ya mto: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mafuriko ya kila msimu yaliyomlisha mkulima yakavurugika. Huko Ozi, maji ya mto yanapopungua bahari hupanda, chumvi ikaingia mashambani, na mpunga na miembe vikafa. Mtumbwi bila mpunga wa kubeba ni pambo.

Sasa tuje kwenye tamasha. Mfano tulio nao karibu ni Lamu. Tamasha la utamaduni la Lamu lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ule ule ambapo UNESCO iliuingiza mji mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, 2001. Kuna mbio za mashua, mbio za punda, kuogelea, bao, hina na mashairi. Watalii huja, vyumba hujaa. Ila niseme ukweli: kabla ya tamasha hilo Lamu ilikuwa na Maulidi ya Riyadha, ambayo huleta maelfu kutoka pwani yote, na soko hufuata waumini bila kuitwa na mtu. Pale watu hukusanyika kwa sababu yao wenyewe. Ndiyo tofauti ninayoiona.

Mbio za mashua zina faida moja isiyosemwa sana. Mwenye mashua anayetaka kushinda lazima aitie kalafati, ashone tanga, amtafute fundi. Fundi wa Matondoni hupata kazi, na kijana hujifunza. Niliwahi kuhudhuria tamasha jingine, silitaji, ambapo mzee mwenye mtumbwi alikalishwa kando ya maji tangu asubuhi apigwe picha, jioni akapewa soda. Mwaka uliofuata hakuja.

Kwa hiyo kama Tana Delta itafanya tamasha, mimi ningetaka mbio za mitumbwi iliyopakiwa: magunia ya mpunga, mikungu ya ndizi, mikeka, asali. Anayefika wa kwanza apate zawadi, na mzigo wa kila mshindani ununuliwe papo hapo na hoteli na wafanyabiashara waliokubaliana bei mapema. Lifanywe baada ya mavuno, si mvua zikiwa zinanyesha. Na jaketi za kujiokoa ziwe sharti. Aprili 2024, mafuriko yalipokata barabara kati ya Garissa na Madogo, boti iliyojaa abiria ilipinduka na watu wakafa maji. Mamba na viboko nao hawajui kama kuna sherehe.

Miti nayo ni mtihani. Mtumbwi wa gogo unataka mti mkubwa, na misitu ya kando ya mto imebaki vipande, mingine ikiwa hifadhi ya kima tangu 1976. Huenda mafundi wakalazimika kuunga mbao. Wahifadhi wa mila watanuna, lakini babu yangu angeipanda tu.

Na mwaliko usiwe wa Wapokomo peke yao, ingawa mto wameushika wao hata wimbo wa taifa ukachukua sauti ya bembelezi yao. Mwaka 2012 na mwanzo wa 2013 Wapokomo na Waorma waliuana katika delta hii, zaidi ya watu 100, kwa ajili ya malisho na maji. Muorma aje na samli yake, apewe nafasi sokoni mbele, si nyuma ya hema. Gati la kwanza la kufufua liwe pale ambapo pande zote mbili huteka maji. Wazee wa Gasa na wazee wa Waorma ndio wapachague, kabla kaunti haijachapisha mabango.