Nani Aliifungua Kabla Yetu?

Shemeji yangu amekaa Minnesota miaka kumi na miwili, na kwa miaka kumi na mmoja aliichukia theluji kama sisi wengine. Kisha wenzake kazini wakampeleka kuvua samaki juu ya ziwa lililoganda, wakampandisha kwenye pikipiki ya theluji, na mambo yakaishia hapo. Januari iliyofuata akanipigia simu.

"Nimepata moja, ya mtumba. Bei ya kutupa. Jamaa ameiongeza nguvu, inakimbia balaa. Twende ukanisaidie kuiangalia."

Mimi si fundi. Lakini nimelelewa nyuma ya gereji, Nakuru, na nilichobeba kutoka kule ni kwamba chombo kilichokwisha kutumika hakinunuliwi kwa macho. Nikamwambia tutafute mtu wa kukikagua. Tukampata mzee mmoja aliyetengeneza mashine hizi maisha yake yote, akataka dola 100. Shemeji akalalamika: "Dola mia za kuangalia tu? Si hata hatengenezi kitu!" Nikamjibu kwamba anachouza mzee huyu ni macho, na macho yake ni ghali kuliko spana.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, pikipiki ya theluji haina magurudumu. Mbele ina skii mbili zinazogeuzwa kwa usukani kama wa bodaboda, na chini ya kiti kuna mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama ule wa tingatinga. Nyingi za mtumba huendeshwa na injini ya mipigo miwili, zile ambazo oili huchomwa pamoja na petroli na moshi wake una harufu ambayo aliyekulia mjini miaka ya 1980 anaijua.

Tukingoja Jumamosi, nilisoma historia yake, maana nilitaka kujua kwa nini watu wanaichokonoa hivi. Kumbe imechokonolewa tangu kuzaliwa. Neno lenyewe la Kiingereza, snowmobile, lilianza kutumiwa na Virgil White, muuza magari ya Ford kule Ossipee, New Hampshire. Alichopatia hataza mwaka 1917 hakikuwa mashine kamili. Kilikuwa seti ya vipuri: unalichukua gari lako la Ford Model T, unatoa magurudumu ya mbele na kuweka skii, na nyuma unaongeza magurudumu na kuyafunga mkanda. Yaani kitu cha kwanza kuitwa kwa jina hilo kilikuwa gari la mtu lililobadilishwa.

Mwaka 1924, kijijini Sayner, Wisconsin, Carl Eliason, ambaye mguu wake mbovu ulimzuia kuwafuata wenzake kwenye theluji, alitengeneza sleji yenye injini ya mashua, skii zikigeuzwa kwa kamba. Mwishoni mwa 1955, huko Roseau, kaskazini mwa Minnesota karibu na mpaka wa Kanada, vijana wa karakana ya zana za kilimo walijiundia mashine wakati bosi wao, Edgar Hetteen, hayupo. Mkanda waliutoa kwenye mtambo wa kupandishia nafaka ghalani, skii wakazikata kutoka bampa ya Chevrolet. Hetteen aliporudi hakufurahi kuona muda wa kazi ulivyotumika. Lakini karakana ilihitaji pesa za mishahara, mashine ikauzwa kwa dola 465, na kampuni ya Polaris ikaanzia hapo kuunda pikipiki za theluji.

Anayetajwa kuliko wote ni Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec. Usiku wa kuamkia mwaka 1923, akiwa na miaka 15, alitoka na ndugu yake barabarani juu ya sleji yenye injini ya Ford na panga la kuzunguka nyuma kama la ndege. Baba yake alipoliona panga lile likizunguka wazi, aliamuru chombo kivunjwe siku hiyohiyo. Naweza kusema huo ndio ukaguzi wa kwanza ninaoujua katika historia hii, na mkaguzi alikuwa sahihi.

Majira ya baridi ya 1934, mtoto wa kiume wa Bombardier, Yvon, aliyekuwa na miaka miwili, aliugua tumbo kwa ghafla na kuhitaji upasuaji. Barabara zilikuwa zimefungwa na theluji. Karakanani kulikuwa na chombo alichokuwa bado anakijaribu, lakini hakikuwa tayari kusafiri. Mtoto akafa. Mwaka 1937 baba huyo alipata hataza ya gurudumu la meno na mkanda wake, akaanza kuuza B7, gari la watu saba lililobeba madaktari, barua na wagonjwa pale ambapo magari mengine yalikwama. Mwaka 1959 ndipo ikatoka ndogo, ya mtu mmoja au wawili, iliyoitwa Ski-Doo, ambayo ndiyo bibi wa hii aliyokuwa akiililia shemeji.

Ukiitazama historia hiyo unaona kwamba kubadilisha mashine si kosa. Bila mikono ya kubadilisha, mashine hii isingekuwepo. Lakini kuna tofauti ambayo haionekani kwenye tangazo la kuuza. Bombardier alijua kila boliti ya chombo chake, kwa hiyo alijua pia kwamba hakiko tayari. Anayenunua chombo kilichobadilishwa na mwingine anapokea matokeo bila kumbukumbu. Kiwanda kikiunda mashine huacha kitabu: kipimo hiki, oili hii, petroli hii. Fundi wa nyuma ya nyumba akiitanua silinda na kufunga bomba jipya la moshi, kitabu kile kinakuwa uongo, na kipya hakiandikwi. Kinabaki kichwani mwake, naye anaiuza mashine na kichwa chake anaenda nacho.

Wala si jambo dogo mahali kama huku. Ziwa kama Mille Lacs likiganda, watu huenda kuvua kilomita kadhaa kutoka ufukoni. Gari likikuzimikia Naivasha utapiga simu, utanunua mahindi ya kuchoma, utangoja. Ukizimikiwa katikati ya ziwa usiku, nyuzi 25 chini ya sifuri na upepo juu yake, dakika zako zina hesabu. Ralph Plaisted, muuza bima wa Minnesota aliyefika Ncha ya Kaskazini kwa pikipiki za theluji mnamo Aprili 1968, alijua hesabu hiyo. Jaribio lake la 1967 lilishindikana. Katika watu wanne waliofika mwaka uliofuata, mmoja, Walter Pederson, alikuwa fundi wa injini.

Jumamosi ikafika. Mzee wetu hakusalimia mashine kwa kuiwasha. Alivua glavu na kuweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa baridi, akatikisa kichwa kuridhika. Alitueleza kwamba muuzaji akiiwasha kabla hujafika, huenda anaficha jinsi inavyokataa kuamka asubuhi. Kisha akapiga magoti ubavuni, akafuta theluji, akasoma namba iliyogongwa kwenye bodi na kuilinganisha na karatasi. Akapitisha vidole kwenye bati lililo juu ya mkanda, akitafuta mikunjo, na kwenye mikono ya skii, akitafuta welding isiyo ya kiwandani. Akazungusha mkanda mzima, meno yake moja baada ya jingine. Akafungua kifuniko cha klachi na kuonyesha unga mweusi wa belti: nguvu imeongezwa kwenye injini, lakini klachi haijarekebishwa kuipokea.

Ndipo akatoa plagi, akafunga geji, akavuta kamba ya kuwashia. Silinda ya kwanza ikasoma pauni 120 kwa inchi ya mraba. Ya pili ikasoma 92. Akarudia, ikawa vilevile. Alisema silinda mbili za injini moja zikitofautiana zaidi ya asilimia 10, kuna jambo. Akalegeza bomba la moshi na kumulika tochi kwenye tundu. Ukuta wa pistoni ulikuwa na mikwaruzo ya wima, kama mtu aliyeparuzwa na paka.

"Mashine hii imetoka wapi?" akauliza.

Mwenyewe, kijana mpole wa rika la shemeji, akasema aliinunua mwaka uliopita kwa mtu aliyehama kutoka Colorado. Mzee akafungua kabureta, akatoa jeti, kile kitundu kidogo cha shaba kinachopima petroli, akasoma namba yake na kunyamaza kidogo.

Sababu yake utaielewa haraka kama umewahi kupandisha gari la kabureta kutoka Mombasa hadi Timboroa. Juu kule hewa ni nyepesi. Petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, injini inalegea. Wanaoendesha milimani Colorado, mita 3,000 juu ya bahari, hufunga jeti ndogo ili petroli ilingane na hewa. Sasa ishushe mashine hiyo Minnesota, mita mia tatu hivi, tena kwenye baridi kali ambapo hewa huwa nzito zaidi. Hewa inakuwa nyingi, petroli kidogo. Na katika injini hizi petroli pia husaidia kupoza. Ikipungua, mashine haikuonyi kwa kulegea. Inakimbia vizuri tu, huku pistoni ikiungua taratibu, mpaka siku inakwama.

Yaani ile "inakimbia balaa" ya shemeji haikuwa ushahidi wa uzima hata kidogo.

"Nani aliifungua kabla yako?" mzee akauliza. "Jeti na vipuri vya mwanzo viko wapi?" Kijana hakujua. Hakuwa tapeli, na hilo lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Nilikuja nimejiandaa kwa mjanja wa Grogan, mwenye maneno matamu na rangi mpya juu ya kutu. Nikakuta mtu aliyenunua kwa macho, kama ambavyo shemeji angenunua, akakabidhiwa historia iliyokatika bila kujua.

Tulipokuwa tukirudisha kifuniko, binti yake wa miaka saba au minane alitoka nje amevaa buti na kofia ya manyoya, akauliza kama baba atampeleka ziwani jioni, kama juzi. Baba hakumjibu mara moja. Alimwangalia mzee. Mzee akatikisa kichwa, polepole, akamwonyesha ile jeti kwenye kiganja chake.

"Leo hapana," baba akamwambia mtoto.

Shemeji hakununua. Mzee alimwandikia kijana kwenye karatasi: pistoni, ringi, gaskiti, ukubwa wa jeti unaofaa pale, klachi. Akaandika na tarehe na vipimo vya silinda zote mbili. Alimwambia aitunze karatasi ile pamoja na hati za umiliki, na siku atakayoiuza aitoe pamoja na ufunguo. Kijana akataka kumlipa naye. Mzee akasema ameshalipwa.

Njiani shemeji alikuwa kimya hadi tulipokaribia mjini. Kisha akasema, "Zile dola mia..." Nikangoja aendelee kulalamika.

"Ningempa mia mbili," akasema, akaongeza joto la gari.