Motisha Siyo Ari

Muulize muuguzi wa zahanati ya kijijini Tanzania kama ana motisha, naye huenda akakujibu kuhusu pesa. Atasema waliipata mwaka juzi, au bado wanaisubiri, au imekwama wilayani. Hajakosea hata kidogo. Katika Kiswahili cha kazini, motisha ni kitu kinachotolewa: bahasha, posho, friji ya mfanyakazi hodari siku ya Mei Mosi. Hutolewa, hupokelewa, huchelewa, hukatwa. Aliyekosea ni mtunga dodoso aliyeandika swali hilo. Alichukua istilahi ya saikolojia inayotaja msukumo wa mtu kutenda, akaiandika motisha, kisha akajumlisha majibu kana kwamba yanahusu moyo wa kazi.

Wanasaikolojia hutofautisha msukumo unaotokana na malipo, sifa au adhabu, na ule unaotokana na utamu wa kazi yenyewe. Vitabu vyetu vya utawala huita wa kwanza motisha ya nje na wa pili motisha ya ndani. La kwanza linaeleweka bila taabu. La pili linagoma: kitu cha kutolewa kitakuwaje tayari kimo ndani ya mtu? Napendekeza tutumie neno tulilo nalo siku zote, ari. Mtu huingiwa na ari, hufanya kazi kwa ari, ari yake hupanda au huvunjika. Hakuna anayesaini kupokea ari. Jakaya Kikwete alipogombea urais mwaka 2005 kwa kaulimbiu ya ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya, nani alidhani anaahidiwa posho? Wapo wanaopenda hamasa, nami nalipenda neno hilo, lakini hamasa huamshwa na ngoma na hotuba, na mkutano ukivunjika hupoa.

Jaribio linalotajwa sana kuhusu msukumo wa nje na wa ndani ni la Mmarekani Edward Deci, lililochapishwa mwaka 1971. Wanafunzi wa chuo kikuu walipewa chemshabongo iitwayo Soma, vipande 7 vya kuunganishwa hadi vitoe umbo lililochorwa. Ni mchezo unaonasa. Kila mwanafunzi alikuja mara tatu. Mara ya pili kundi moja liliahidiwa dola 1 kwa kila umbo; kundi jingine halikutajiwa pesa. Mara ya tatu hakuna aliyelipwa. Katikati ya kila kikao msimamizi alitoka kwa kisingizio kwa dakika 8, huku magazeti yakiwa mezani, na mwanafunzi akatazamwa kwa siri. Akiwa huru, atafanya nini? Waliowahi kulipwa waliugusa mchezo kwa muda mfupi kuliko walivyougusa kabla ya pesa kutajwa. Wasiolipwa hawakupungua hivyo. Katika jaribio jingine la utafiti huohuo, wanafunzi waliosifiwa kwa maneno badala ya kulipwa hawakupoteza hamu yao. Mwaka 1999 Deci na wenzake walichambua majaribio 128 ya aina hii, na picha ikabaki ileile: zawadi ya kushikika iliyoahidiwa mapema hupunguza hamu ya kazi inayopendeza, na sifa huiongeza.

Ukiwa na maneno mawili, tokeo hilo unalieleza kwa sentensi moja: motisha ilipoingia, ari ilipungua. Ukiandika kwamba motisha ilipunguza motisha, msomaji atadhani mchapaji amekosea.

Nisieleweke kwamba nadharau malipo. Mkoa wa Pwani ulianza mwaka 2011 mpango wa malipo kwa ufanisi, ambapo wahudumu wa afya walipata nyongeza kila miezi 6 kulingana na malengo ya kituo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliangalia huduma 8 zilizolengwa, ukakuta 2 zimepanda waziwazi: wanawake waliojifungulia kituoni waliongezeka kwa asilimia 8.2, na utoaji wa dawa za malaria kwa wajawazito kwa asilimia 10.3. Si haba. Motisha ina nguvu panapohesabika. Lakini mtazame muuguzi jioni, wagonjwa wameondoka, ameinamia vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za kituo, akijaza safu moja baada ya nyingine. Mama aliyefika akilia kwa uchungu usiku uliopita ana mstari wake humo. Ule muda ambao muuguzi alimshika mkono akamtuliza hauna safu.

Kutenganisha maneno haya kunamlinda mfanyakazi pia. Frederick Herzberg na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1959, walieleza mshahara kama jambo ambalo likikosekana huleta manung'uniko, ingawa likiwepo halitoshi kumfanya mtu aipende kazi. Mkubwa wa kazi anayedaiwa mishahara ya miezi mitatu akawahubiria watu moyo wa kujitolea anawadhulumu, na lugha isimpe pa kujifichia. Motisha iliyoahidiwa ni deni. Ari haidaiwi na mtu yeyote.

Wapo pia wanaodai kwamba ari hutegemea aina ya haiba ya mtu, nami nasita kuhusu semina zao. Kipimo maarufu ni kile cha Isabel Briggs Myers na mama yake Katharine Briggs, kilichojengwa juu ya mawazo ambayo Carl Jung aliyachapisha mwaka 1921. Kinagawa watu katika makundi 16, kila kundi na herufi zake 4, na meneja huambiwa kila kundi linataka kusukumwa vipi. Watu wengi wakirudia kipimo baada ya wiki chache huangukia kundi jingine, kwa sababu ukimya na uchangamfu ni mambo ya kiasi na wengi wetu tuko katikati. Mshauri mzuri atazungumza juu ya sifa za haiba, si aina zake. Muuguzi mkimya na mwenzake mchangamfu wa zamu hiyohiyo hupoteza ari kwa pamoja siku rafu za dawa zikiwa tupu. Deci na Richard Ryan waliorodhesha mahitaji matatu ya kila mtu: uhuru wa kuamua, umahiri, na uhusiano na wenzake. Rafu tupu inavunja umahiri. Mtu anajua kutibu na hawezi.

Kwa hiyo dodoso langu lingekuwa na maswali mawili badala ya moja. La kwanza: katika miezi 6 iliyopita umepata motisha gani, na ilifika lini? La pili: ni kazi gani hapa ungeendelea kuifanya kwa ari hata kama hakuna anayeihesabu, na nini kinakuzuia kuifanya vizuri?