Mate ya Baraka

Ishara za mwili nazo ni lugha, na kila lugha ina sarufi yake. Katika mataifa mengi, kumtemea mtu mate ni kumtukana. Lakini kwa mila za Wamaasai, mzee amtemeapo mtoto mchanga mate humbariki. Na siku ya arusi baba humnyunyizia bintiye maziwa kwa kinywa, ili aondoke na heri. Tukumbuke kwamba hawa ni wafugaji wa nchi kavu, ambako unyevu ni uhai. Hata jina lao la Mungu, Enkai, ni jina la mvua pia.

Mwaka 1883 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alipopita Umasaini, wenyeji walimdhania kuwa laiboni, yaani mganga mkuu, wakamwomba awatemee mate. Thomson aliitambua maana yake, na katika kitabu chake cha mwaka 1885 alieleza kuwa ile ilikuwa ishara ya nia njema. Asiyejua angeona ushenzi mahali palipo na dua. Kwa hiyo, tunapochunguza mila za makabila yetu, tuanze kwa kuwauliza wenyewe maana ya wayatendayo, ndipo tuzipime.