Nundu Kwenye Ubavu wa Tairi

Mjomba wangu alikuwa akileta nyama Soko la Burma kwa pikapu, kutoka machinjio ya Dagoretti. Alfajiri moja mwaka 1997, akiwa Jogoo Road, tairi la mbele likapasuka. Gari lilipanda ukingo, na mguu wake wa kulia haukunyooka tena. Nyumbani tulisema ni msumari. Nani hakujua barabara zetu na misumari yake?

Fundi wa pancha mwenye kibanda nje ya soko ndiye aliyetutoa ujinga. Alilichana tairi kwa kisu, akaligeuza la ndani likawa nje, akaniita. “Kijana, weka kidole hapa.” Kitambaa cha ndani kilikuwa kimekatika kwa umbo la msalaba ulioinama. Tundu la msumari hatukuliona popote. “Hii haikufa leo,” akasema. “Muulize mjomba wako aligonga nini.”

Aligonga shimo, wiki tatu nyuma. Alishuka na tochi, akaona mpira ni mzima, ila kuna kinundu kidogo ubavuni. Akawasha gari akaenda. Nyama haingoji.

Watu hudhani tairi ni mpira. Mpira peke yake ungefura kama puto. Kinachoshika upepo ni nyuzi zilizozikwa ndani yake. Tairi za mwanzo zilikuwa na turubai iliyofumwa, uzi juu, uzi chini, kama mkeka. Tatizo lilikuwa kwenye makutano: kila gurudumu lilipozunguka, nyuzi zilisuguana hapo, zikakatana zenyewe kwa zenyewe. Katika miaka ya 1890 John Fullerton Palmer akaja na wazo la kuzilaza sambamba, kila uzi ukiwa umevikwa mpira, kisha tabaka moja likapishana mshazari na jingine. Kwanza zilikuwa za pamba, wakati wa vita ikaingia rayoni, baadaye nailoni. La mjomba lilikuwa la nailoni.

Vita hivyo ndivyo vilivyolipa soko jina. Wazee wa Eastlands husimulia kwamba jina lilirudi na askari wa Keya. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, masika yamepamba moto, malori yamezama kwenye tope, hata chakula kikawa kinadondoshwa na ndege. Na mpira wenyewe ulikuwa adimu: Japani ilipoitwaa Malaya mwaka 1942, Waingereza walirudi kugema mashamba ya zamani ya Wajerumani kule Tanganyika.

Sasa, shimo linafanya nini? Ukingo wake hulibana tairi dhidi ya rimu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mpira hunyumbuka, unavutika mara kadhaa ya urefu wake na kurudi. Nailoni haiwezi kuvutika kiasi hicho. Mzigo ukishinda nguvu za uzi mmoja, hukatika na kumwachia jirani mzigo wake, naye hukatika, na ufa hufuata mielekeo miwili ya nyuzi. Ndiyo maana ya ule msalaba. Lakini kupishana kwa nyuzi pia huzuia ufa usikimbie. Kioo kikigongwa hupasuka chote hapo hapo. Kitu cha nyuzi zilizopishana hubaki na kidonda mahali pamoja, kikaendelea kufanya kazi. Hapo ndipo penye hatari, buda. Mpira wa nje unarudi mahali pake na kufunika kila kitu. Kinundu ni upepo unaosukuma mahali pasipo na wa kuuzuia. Kila mzunguko hukikunja na kukikunjua, joto linapanda, na uzi mwingine unaachia.

Mjomba alipoelezwa, hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama lile shimo limezibwa.

Siku hizi nikinunua tairi la mitumba sianzi na meno. Naingiza kiganja ndani nikipapasa pole pole, muuzaji akinitazama kama mchawi.

Ile sehemu nzima ya tairi fundi hakuitupa. Aliikata akala, akampa mjomba bila malipo. Alizivaa miaka. Ya kulia iliisha upande mmoja tu.